Paking, Gasketi na Vumbi: Asbesto katika Pampu za Manowari za Marekani

Katika manowari zilizoendeshwa kwa mvuke, pampu za kulisha boila zilifanya kazi kwenye joto kali na shinikizo kubwa, na kila palipokutana vyuma viwili palihitaji kizibo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitumia asbesto kwa kazi hiyo. Madini hayo ya nyuzi hayaungui, husokotwa kama pamba, na yalikuwa rahisi kununua.

Pale shafti inapoingia kwenye pampu zilipangwa pete za kamba ya asbesto iliyopakwa grafiti, yaani paking. Kati ya flanji, yaani kingo pana za chuma zinazoungwa kwa bolti, zilikaa gasketi zilizokatwa kwenye karatasi ngumu ya asbesto. Kwa nje, mashine na mabomba vilivishwa magodoro ya kuzuia joto, na hapo ndipo ilipopendwa amosaiti, asbesto ya kahawia ya Transvaal, Afrika Kusini, kwa wepesi wake.

Pampu iliyofungwa vizuri haikutoa vumbi la kutisha. Hatari ilikuwa kwenye matengenezo, na paking huchakaa, hivyo matengenezo hayakuwa na mwisho. Fundi alianza kwa kuvua godoro, ambalo likizeeka humwaga unga. Alifungua bolti, akazing'oa pete zilizokauka kwa ndoano, kisha akaikwangua gasketi iliyogandamana na chuma na kumalizia kwa brashi ya waya. Gasketi mpya mara nyingi aliikata mwenyewe: aliilaza karatasi juu ya flanji na kuigonga pembeni kwa nyundo mpaka umbo litokee. Yote hayo yalifanyika chini ya sitaha, katika chumba finyu, na mwenzake wa zamu ambaye hata hakushika spana alivuta vumbi lilelile.

Onyo halikukosekana. Uingereza ilichapisha mwaka 1930 uchunguzi wa Merewether na Price kuhusu mapafu ya wafanyakazi wa viwanda vya asbesto. Lakini mwaka 1946 utafiti mwingine, uliowapima wavishaji mabomba 1,074 wa viwanda vya kujenga manowari Marekani, uliwakuta wagonjwa watatu tu wa asbestosisi, yaani makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi la asbesto, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa salama kiasi. Kasoro yake iko wazi: wengi mno wa waliopimwa walikuwa hawajafikisha miaka 10 kazini, ilhali maradhi haya hujificha kwa miongo. Mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya vumbi kuvutwa. Uhusiano wake na asbesto ulionyeshwa na Wagner na wenzake huko Afrika Kusini mwaka 1960. Kwa hiyo kijana aliyehudumia pampu miaka ya 1950 aliweza kuugua akiwa mstaafu.

Nani awajibike? Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Feres, mwaka 1950, askari wa Marekani hawezi kuishtaki serikali yake kwa madhara yanayotokana na utumishi. Kampuni kubwa za bidhaa za asbesto nazo zilikimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi, Johns-Manville ikiwa miongoni mwa za kwanza, mwaka 1982. Mawakili wa wagonjwa wakawageukia watengenezaji wa pampu, ambao walijibu kuwa wao waliuza chuma kitupu na asbesto ya baadaye iliwekwa na wengine. Mahakama ya Juu ya California iliikubali hoja hiyo mwaka 2012. Tarehe 19 Machi 2019, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya sheria ya baharini, iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuonya iwapo mashine yake inahitaji kipuri chenye asbesto, anajua au ana sababu ya kujua hatari yake, na hana sababu ya kuamini kuwa mtumiaji ataitambua.

Kwa meli za biashara, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, ulipiga marufuku uwekaji mpya wa asbesto kuanzia Julai 2002, lakini ukaruhusu vighairi vichache, vikiwemo viungio vya mabomba ya joto kali au shinikizo kubwa na mapanga ya baadhi ya pampu za ombwe. Vighairi hivyo viliondolewa Januari 2011.