Kona ya Bowery na Houston: Nusu Karne ya Bustani ya Liz Christy

Kabla ya bustani kulikuwa na mbegu za kurusha. Mwaka 1973 Liz Christy, msanii aliyeishi Lower East Side jijini New York, pamoja na rafiki zake, walikuwa wakijaza mbegu, maji na mbolea kwenye maputo, kisha wakiyarusha juu ya uzio ili yapasukie ndani ya viwanja vilivyotelekezwa. Walipanda alizeti katikati ya barabara kuu na kuweka maua kwenye madirisha ya nyumba zilizohamwa. Kundi lao waliliita Green Guerillas.

Viwanja vya kurushia havikuwa haba. Jiji lilikuwa linaelekea kufilisika. Wenye nyumba wengi, walipoona gharama na kodi zinazidi pango wanalokusanya, walizitupa nyumba zao. Nyingine ziliungua, na si zote kwa bahati mbaya. Majengo yakabomolewa, na ardhi nyingi ikaangukia mikononi mwa serikali ya jiji, nayo haikuwa na fedha hata za kuzoa kifusi. Kwenye kona ya barabara za Bowery na Houston kulikuwa na kiwanja cha namna hiyo, na hapo Liz na wenzake wakaacha kurusha mbegu kutoka nje. Waliingia na majembe.

Hawakuwa na ruhusa. Walizoa takataka, wakaleta udongo, wakajenga uzio, na ndipo mazungumzo na maofisa yakaanza. Aprili 1974 idara ya nyumba ya jiji ikakubali kuwapangisha kiwanja kile kwa dola 1 kwa mwezi. Nadhani historia yote ya bustani hii inaanzia kwenye dola hiyo. Kwa upande mmoja ni ukarimu, maana nani angepata ardhi Manhattan kwa bei hiyo? Kwa upande mwingine, aliyepanga si mwenye mali, na mwenye mali anaweza kubisha hodi siku yoyote.

Wao walilima. Matuta 60 yaliinuliwa juu ya kifusi na kupandwa mboga, baadaye ikaongezwa miti na maua. Walikuwa wakijifunza mche gani unastahimili moshi, kivuli cha maghorofa na udongo uliochanganyika na matofali, na kila walichokijua walikigawa. Watu wa mitaa mingine walikuja kuuliza, wakaondoka na miche na maarifa. Msaragambo wa kona moja ukazaa bustani nyingi, hata mwaka 1978 jiji lenyewe likaanzisha mpango wa kuzihudumia, ambao leo unaitwa GreenThumb. Liz alifariki mwaka 1985, akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata bustani ikapewa jina lake.

Mwenye mali alibisha hodi miaka ya 1990. Bei ya ardhi ilikuwa imepanda, kwa sehemu kwa sababu mitaa ilikuwa imependeza, na waliofanya ipendeze ndio hao hao waliokuwa wakipalilia bila malipo. Mwaka 1999 serikali ya Meya Rudolph Giuliani ilipanga kuuza kwa mnada bustani zaidi ya 100. Mashirika mawili, Trust for Public Land na New York Restoration Project la mwimbaji Bette Midler, yalizikomboa kwa dola milioni 4.2 kabla ya nyundo ya mnada kugonga. Hazikuokoka zote. Februari 2000 tingatinga liliifyeka Esperanza, bustani iliyolimwa tangu miaka ya 1970 katika Lower East Side hiyo hiyo, huku watu waliojifunga kwa minyororo wakikamatwa. Bado naona uchungu kuandika sentensi hiyo. Miaka zaidi ya 20 ya samadi, mizizi na ujirani iliondoka asubuhi moja.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Eliot Spitzer, alikuwa amelishtaki jiji ili kuzuia uuzaji wa bustani hizo. Mwaka 2002, chini ya Meya Michael Bloomberg, pande hizo zilipatana, na mamia ya bustani yakapata kinga.

Leo bustani ya Liz Christy ina bwawa lenye samaki na kasa, mizabibu, na mti mrefu wa metasequoia. Wataalamu waliufahamu mti wa aina hiyo kwanza kutokana na mabaki yaliyogeuka mawe, wakadhani ulishatoweka duniani, mpaka ulipokutwa hai huko China katika miaka ya 1940. Wanaoitunza bustani bado ni watu wa kujitolea. GreenThumb huwataka wenye bustani wafungue lango kwa umma kwa saa 20 kila wiki, kuanzia Aprili hadi Oktoba, na hiyo ni kazi kubwa kuliko inavyosikika: lazima awepo mtu, mwenye ufunguo, ambaye ameacha shughuli zake. Kila wiki hupatikana. Anafungua lango, anaokota karatasi zilizopeperushwa kutoka Houston, kisha anachota maji na kuanza kumwagilia tuta la kwanza.