Kutoka Sufuria ya Mama Hadi Ski ya Milioni Mbili: Historia ya Ubao Mmoja wa Kuteleza Majini, na Somo Lake kwa Vijana wa Singida

Mwaka 1922, kijana wa miaka 18 katika mji mdogo wa Lake City, jimbo la Minnesota, Marekani, alichukua sufuria kubwa ya shaba ambayo mama yake alikuwa akichemshia nguo. Ndani yake akatumbukiza ncha za mbao mbili za msonobari. Zilipolainika kwa maji ya moto akazipinda kuelekea juu, akazibana vizuri na kuziacha zikauke hivyohivyo.

Hakuwa anatengeneza fenicha. Alikuwa anataka kusimama juu ya maji.

Na hapo tayari alishafeli mara mbili. Kwanza alijaribu mbao za mapipa, zikazama. Akaja na ski za kwenye theluji, nazo zikazama, maana zilikuwa nyembamba mno. Ndiyo maana safari hii alichonga ubao wa maana: urefu futi 8, yaani karibu mita 2 na nusu, na upana inchi 9. Akapigilia mikanda ya ngozi ya kushikilia miguu, akatafuta kamba ya futi 100 hivi na pete ya chuma ya kushika mkononi. Kaka yake akakaa kwenye usukani wa boti.

Siku kadhaa mfululizo kijana alianguka tu. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa anaanza na ncha za mbao zikiwa usawa wa maji au chini yake. Tarehe 2 Julai 1922 akabadilisha staili. Akaegemea nyuma, akanyanyua ncha juu ya maji, boti ikavuta, na jamaa akasimama. Kesho yake alitimiza miaka 19.

Jina lake Ralph Samuelson. Kila anayeteleza majini leo, awe Miami, Dubai au Msasani, anaanza kwa staili ileile: magoti yamekunjwa, ncha ya ski juu, mwili nyuma, boti ifanye kazi.

Aligundua yeye, hati akachukua mwingine

Sasa hapa ndipo stori inapouma kidogo. Samuelson hakusajili ugunduzi wake. Alikuwa anafanya maonyesho, watu wanashangaa, basi. Mwaka 1925 aliruka kwenye jukwaa lililopakwa mafuta ili liteleze, na akavutwa hadi na ndege ya majini. Lakini mwaka huohuo, 1925, mtu mwingine kabisa, Fred Waller wa New York, ndiye aliyepata hati miliki ya ski za maji na kuanza kuziuza. Huyu Waller hakuwa mtu wa kubahatisha: baadaye ndiye aliyebuni Cinerama, ule mfumo wa sinema wa skrini pana iliyopinda.

Samuelson akaachana na mchezo, akaingia kwenye ufugaji wa bata mzinga, na nao haukumwendea vizuri. Kwa miaka mingi dunia ya ski za maji haikujua hata kama yupo. Ni mpaka miaka ya 1960, baada ya mwandishi wa habari kufuatilia habari zake, ndipo chama cha mchezo huo Marekani kilipomtambua rasmi, mwaka 1966, kuwa mtu wa kwanza. Alifariki mwaka 1977. Angalau heshima alipewa akiwa hai.

Mbao mbili zikawa moja

Mwanzoni kila mtu aliteleza kwa ski mbili. Lakini wazoefu wakagundua kitu: ukiacha moja na kuweka miguu yote miwili juu ya nyingine, mmoja mbele na mwingine nyuma, unaweza kulala ubavu na kukata kona kali ambazo kwa mbili haziwezekani. Ndipo ikazaliwa slalomu. Neno lenyewe limetoka Norway, kwenye mchezo wa theluji, na lina maana ya njia inayoteremka mlimani.

Mashindano ya kwanza ya taifa Marekani yalifanyika mwaka 1939, Jones Beach, New York. Mwaka 1946 kikaundwa chama cha dunia, na mwaka 1949 yakafanyika mashindano ya dunia ya kwanza kule Juan-les-Pins, Ufaransa. Olimpiki ya 1972 mchezo huu uliingia kama wa maonyesho tu, bila medali rasmi.

Sheria za slalomu ndizo zinazoeleza kwa nini ski zingine zina bei ya kutisha. Boti inapita katikati kwa mwendo uliopangwa, mwisho wake kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Mtelezaji anazunguka maboya sita, matatu kila upande, na kila boya liko mita 11.5 kutoka katikati. Ukimaliza yote, kamba inapunguzwa. Inaanza na mita 18.25, inakatwa, inakatwa tena, hadi inafika mahali kamba ni fupi kuliko umbali wa kufika kwenye boya. Mita 9.75 kwa mfano. Sasa unafikaje? Unaunyoosha mwili wote juu ya maji, unalifikia kwa ubao na mkono ulionyooka. Wanaoweza hivyo duniani ni wachache mno, na hao wachache ndio wanaotengenezewa ski ya bei ya juu kabisa.

Bei ilivyopanda, na katikati palipozaliwa

Ski za zamani zilikuwa za mbao. Baadaye ikaja faiba, kisha povu gumu ndani na kaboni nje. Watu kama Herb O'Brien, wa jimbo la Washington, walianzisha biashara ya ski wakiwa na karakana ndogo tu, na majina yaliyotokana naye, O'Brien na HO, bado yapo madukani. Mengine yanayotajwa sana ni Connelly, Radar na D3.

Kaboni inafanya ski iwe nyepesi na ngumu. Ugumu huo ni mzuri kwa mtu anayevuta kwa nguvu na kuteleza kwa kasi, maana ubao unamrudishia kila nguvu anayoweka. Ila kwa mtu anayeteleza wikiendi mbili kwa mwezi, ubao huohuo unamwadhibu. Akikosea kidogo, unamrusha. Boti ikienda polepole, unazama. Analipia kitu ambacho mwili wake haujafika kukitumia.

Ndiyo maana viwanda vikafungua daraja la katikati: ski yenye mchanganyiko wa faiba na kaboni kidogo, pana zaidi, inayosamehe makosa. Zile za mashindano zinapita dola 1,500 kirahisi. Hizi za kati zinacheza kwenye dola 400 hadi 800, yaani kama milioni moja hadi mbili za Kitanzania, bila usafiri na ushuru. Si hela ndogo. Kwa hiyo lazima mtu ajue anachonunua.

Afrika Mashariki iliingiaje hapa?

Huku kwetu michezo ya boti ilikuja na wakoloni na klabu zao. Mombasa Yacht Club ilianza 1910, Dar es Salaam Yacht Club 1933. Enzi hizo zilikuwa sehemu za wageni, na harufu ya "mchezo wa wazungu" haijaisha mpaka leo. Sababu nyingine ni hela tu. Ski inahitaji boti, injini, mafuta na dereva anayejua kazi. Linganisha na Paje, Zanzibar, ambako mchezo wa kuvutwa na tiara umeshika kasi hadi vijana wa kijijini wakawa walimu. Kule upepo ni bure.

Na ukitaja upepo, umeitaja Singida.

Mji wa Singida una maziwa mawili mlangoni kabisa, Singidani na Kindai. Anayeingia mjini anakutana na yale mawe makubwa ya granite, kisha maji, na msimu ukikubali, heroe, wale ndege wa pinki ambao wengi huwaita flamingo. Kwa macho ya kijana aliyeangalia video za watu wanakata maji huko Florida, swali linakuja lenyewe: mbona hapa hakuna?

Jibu liko kwenye maji yenyewe. Slalomu inataka maji yaliyotulia kama kioo, na Singida ni mkoa wa upepo. Upepo unaleta mawimbi madogomadogo, na ubao mwembamba ukikutana nayo unagongagonga mpaka magoti yanalia. Hata huko ng'ambo watu wanaamka alfajiri kwa sababu hiyo. Pili, maziwa haya yana chumvi. Chumvi inamwelesha mtu kidogo zaidi, hiyo ni faida, lakini inakula injini, skrubu na pezi la chuma lililo chini ya ski. Kila kitu lazima kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kutumia. Tatu, maji haya hupungua sana mvua zikikosekana. Mahali palipokuwa na kina mwaka jana, mwaka huu panaweza kuwa tope, na kuanguka kwenye maji ya magotini ukiwa kwenye kilomita 45 kwa saa ni hospitali moja kwa moja.

Nne, kuna wenyeji waliokuwepo kabla ya boti yoyote. Heroe wanakula kwenye maji ya kina kifupi, na kelele za injini zinawafukuza. Mji ukiwapoteza hao kwa sababu ya mchezo wa watu kumi, mji umeliwa.

Basi mtu achague ipi?

Kwa kijana wa Singida anayefanya kazi Mwanza au Dar, au aliyeko ng'ambo na anateleza huko, uchaguzi unaanza na mambo matatu: kilo zake, mwendo wa boti, na ukweli kuhusu uwezo wake.

Urefu unaenda na kilo. Kwa makadirio, aliye chini ya kilo 65 anaangalia inchi 63 hadi 65. Wa kilo 65 hadi 85, inchi 66 au 67. Juu ya hapo, 68 na kuendelea. Kila kiwanda kina chati yake na ndiyo ya kufuata. Boti ikiwa ya nguvu ndogo, bora kupanda saizi moja kuliko kushuka.

Upana ndio siri ya daraja la kati. Ski pana inaibuka majini haraka na inaelea kwenye kilomita 42 hadi 48 kwa saa, mwendo ambao watu wengi wa kujifurahisha wanautumia. Wanaoanza mara nyingi wanachoka kwa sababu ya kuburutwa kabla ya kusimama, na ski pana inapunguza mateso hayo.

Kisha ni umbo la chini. Ubao uliopinda sana kama mtumbwi unakata kona kirahisi ila ni wa polepole. Ulionyooka una kasi ila ni mbishi kwenye kona. Wa kati unafaa. Kingo kali zinashika maji kwa nguvu, za mviringo zinasamehe.

Viatu ndivyo watu wanavyobana hela, na ndipo wanapoumia. Kiatu cha mbele kibane bila kukata damu, na mguu utoke mtu anapoanguka vibaya. Nyuma, mkanda wa kuingizia vidole unatosha kwa asiyeshindana, na ni rahisi zaidi wakati wa kuanza.

Mtumba nao si dhambi. Ski nzuri ya miaka michache iliyopita inaweza kuipita mpya ya bei chee. Cha kuangalia ni nyufa karibu na skrubu za viatu, sehemu iliyovimba, au ubao unaobonyea ukiubonyeza kwa kidole gumba. Ukiona hivyo, maji yameshaingia ndani, achana nao.

Laifu jaketi haina mjadala, hata kwa anayejua kuogelea. Kwenye boti wakae wawili: mmoja anaendesha, mwingine macho yote nyuma kwa anayevutwa. Na boti ya hapa nchini inatakiwa iwe imekaguliwa na kusajiliwa, kazi iliyo chini ya TASAC.

Ubao wa kutosha

Samuelson hakuwa na kaboni wala chati ya kilo. Mbao zake mbili za kwanza zilizama kwa sababu alichukua vitu vilivyotengenezwa kwa kazi nyingine. Ya tatu ilimsimamisha kwa sababu aliichonga kwa mwili wake, boti ya kaka yake na ziwa la kwao. Miaka zaidi ya mia imepita na kanuni haijabadilika: ski inayofaa ni ile inayolingana na mtu, boti na maji. Anayenunua ya bingwa wa dunia ili apige picha anarudia kosa la mbao za mapipa, tofauti ni kwamba lake lina risiti ya milioni tano.

Mdau wa Singida, wewe unaonaje? Singidani na Kindai yaachwe kwa heroe na wapiga picha, au kuna kona moja ya maji inayoweza kugawanywa bila kumuumiza mtu? Dondosha maoni yako hapo chini.