Kompyuta ya michezo kwa pesa chache: Vipuri vya kununua kwanza

KWA mtu wa kipato cha chini anayetaka kompyuta ya kuchezea michezo ya video, kosa kubwa hufanyika kabla mashine haijawashwa. Hununua kwanza kinachovutia macho: kasha lenye taa za rangi, skrini pana na kibodi inayometameta. Inapofika zamu ya vipuri vinavyoendesha mchezo wenyewe, mfuko umekauka.

Kwa mwanafunzi wa Njoro au kijana wa Gilgil aliyeweka akiba mwaka mzima, kosa hilo si dogo. Anayefuata vipuri Nairobi, umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Nakuru, hulipa nauli upya akilazimika kuvirudisha. Ndiyo maana hesabu yafaa ifanywe kwenye karatasi kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Mashine ya ofisi

Njia nafuu zaidi ni kuanza na kompyuta ya mezani iliyotumika katika ofisi za ng'ambo, zile ambazo wauzaji huziita 'Ex-UK'. Miongoni mwazo ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Kwa kawaida huuzwa zikiwa na kasha, ubao mkuu, prosesa na RAM, hivyo mnunuzi hubakiwa na kazi ya kutafuta kadi ya michoro.

Hata hivyo, mashine hizo zina maumbo tofauti. Zile ndogo kabisa, zenye ukubwa wa kitabu, kwa kawaida hazina nafasi ya kadi ya michoro. Zile nyembamba hupokea kadi za kimo kifupi pekee. Inayofaa zaidi ni ile ya umbo la mnara. Mnunuzi aombe kasha lifunguliwe na apime nafasi iliyomo kwa rula.

Jambo la pili ni kizazi cha prosesa, ambacho husomwa kwenye nambari yake. Intel i5-6500 ni ya kizazi cha sita, nayo i5-8500 ni ya kizazi cha nane. Tofauti hiyo imekuwa na uzito tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache mno za kabla ya hapo.

Kwa hivyo, mashine ya kizazi cha sita yaweza kuendesha GTA V, iliyotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, lakini ikafungiwa nje ya michezo mingine. Valorant, kwa mfano, ikichezwa kwenye Windows 11 hudai ulinzi wa TPM 2.0.

Kadi ya michoro

Hiki ndicho kipuri kinachostahili fungu kubwa la pesa. Nafasi ya kadi kwenye ubao mkuu hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotosheka na kiasi hicho haihitaji waya wa ziada, na ndiyo inayopatana na mashine nyingi za ofisi.

Kadi za kundi hilo ni pamoja na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, matoleo mengi ya GTX 1650 ya 2019, na RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka 2024. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kuwa familia ya GTX 1050 Ti haitaendelea kupata programu mpya za michezo baada ya Oktoba mwaka huo, ila masasisho ya usalama pekee. Mwenye uwezo wa kuongeza kidogo afadhali achukue GTX 1650.

RX 6400 ya AMD pia hutumia umeme kidogo, lakini hupoteza sehemu ya kasi yake ikiwekwa kwenye mashine ya zamani. RX 580 ina nguvu zaidi ya GTX 1650, ila hula wati 185 hivi na hudai waya wake wa umeme. Mashine nyingi za ofisi hazina waya huo.

Kadi zilizotumika zina hatari zake. Sarafu ya Ethereum ilipobadili mfumo wake Septemba 15, 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikichimba sarafu hiyo ziliingia sokoni. Vilevile kuna kadi duni zilizobadilishwa jina ili zionekane kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hufichua udanganyifu huo. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kadi ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa. Picha zikijaa madoa au mashine ikizima, aiache.

Pawa saplai

Kipuri hiki hubadilisha umeme wa ukutani uwe ule unaotumiwa na vipuri vingine, nacho hudharauliwa kuliko vyote. Ile ya bei ya chini mno huweza kuandikwa wati 500 ilhali haifikishi nusu ya kiasi hicho bila kuyumba. Ikiungua, yaweza kuua ubao mkuu na kadi pamoja. Hapo ndipo rahisi huwa ghali.

Mashine nyingi za Dell na HP hutumia pawa saplai zenye plagi za kipekee, kwa hivyo haziwezi kubadilishwa kwa ile ya dukani bila waya maalum. Aidha, baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo ya 115 na 230 kwa nyuma. Humu nchini, ambako umeme ni volti 240, swichi hiyo sharti iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka waya.

RAM na diski

Gigabaiti 16 zatosha kwa michezo mingi. Vipande viwili vya gigabaiti 8 hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha 16. DDR3 haiingiliani na DDR4, kwa hivyo aina ithibitishwe kwanza. Bei za RAM zilipanda duniani mwishoni mwa 2025, na mashine inayouzwa ikiwa tayari na RAM ya kutosha huokoa pesa nyingi.

Diski ya SSD hufupisha muda wa mchezo kufunguka. Kwa kuwa GTA V pekee huchukua zaidi ya gigabaiti 100, ile ya gigabaiti 240 hujaa upesi.

Anayependa kuunda mashine mpya polepole anaweza kuanza na prosesa ya Ryzen 5 5600G, iliyotoka 2021. Ina uwezo wa michoro ndani yake, hivyo michezo myepesi huchezeka kabla pesa za kadi hazijapatikana.

Umeme na vumbi

Kaunti ya Nakuru ndiyo yenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, lakini wakazi wake hawajaepuka giza. Agosti 25, 2023, na tena Desemba 10 mwaka huo, umeme ulipotea katika sehemu kubwa ya Kenya. Madhara mara nyingi hutokea umeme unaporudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda runinga au jokofu, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, ni gharama ndogo ikilinganishwa na kadi iliyoungua.

Adui mwingine ni vumbi. Jina Nakuru lenyewe husemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana hiyo. Vumbi likiziba feni, kadi hupata joto na mchezo hukwama. Mashine isiwekwe sakafuni, na kila baada ya miezi michache ifunguliwe, ipanguswe kwa brashi laini, feni ikiwa imeshikwa isizunguke.

Kwa muhtasari, utaratibu wa ununuzi uwe huu: mnara wa kizazi cha nane, kisha pawa saplai ithibitishwe, halafu kadi inayolingana nayo, ndipo zifuate RAM na SSD. Skrini ya zamani ya ofisi yatosha kwa mwanzo, na hata huipunguzia kadi mzigo iwapo ina nukta chache. Taa za rangi zaweza kusubiri.