Ubongo mdogo

Ubongo mdogo, au serebela, ni sehemu ya ubongo iliyo upande wa kisogo, chini ya ubongo mkubwa na nyuma ya shina la ubongo. Ni takriban asilimia 10 tu ya ujazo wa ubongo, lakini umebeba zaidi ya nusu ya seli zake za neva.

Kazi yake kuu ni kusahihisha mwendo. Hupokea nakala ya amri inayotumwa kwa misuli, huilinganisha na taarifa za misuli, viungo, macho na sikio la ndani, kisha hurekebisha nguvu, kasi na mpangilio wa mwendo. Seli za Purkinje, zilizoelezwa na Jan Evangelista Purkyně mwaka 1837, ndizo hutoa ishara kutoka kwenye gamba lake. Kila upande husimamia upande uleule wa mwili.

Ukidhurika kwa kiharusi, uvimbe au ulevi wa muda mrefu, mtu hapoozi, bali hupepesuka, hutembea ametanua miguu na husema kwa kukatakata maneno. Akiambiwa aguse kidole cha daktari, mkono hutetemeka zaidi kadiri unavyokikaribia, na huweza kukipita.