Daktari Mukwege kama mtafiti: makala zake zimefika wapi?

Denis Mukwege ni daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, mwanzilishi wa hospitali ya Panzi mjini Bukavu, Kivu ya Kusini. Wengi wanamjua kwa sababu ya tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 2018, aliyoipata pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Lakini kuna upande mwingine usiosemwa sana: Mukwege ni mtafiti pia. Makala alizoandika yeye na wenzake zimesomwa na kutajwa na madaktari, wanasheria na wataalamu wa vita katika nchi nyingi.

Masomo na kazi ya kwanza

Alizaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955. Alisomea udaktari Burundi, akamaliza mwaka 1983, kisha akafanya kazi katika hospitali ya Lemera. Hapo aliona wamama wanafika wakiwa wamebebwa kutoka vijiji vya mbali, wengine wakiwa na uchungu wa siku nyingi. Ndiyo maana alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, halafu akarudi Lemera mwaka 1989.

Oktoba 1996, vita vilipoanza, hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa na wafanyakazi waliuawa. Mwaka 1999 Mukwege akaanzisha Panzi. Alifikiri kazi kubwa itakuwa kuzalisha wamama. Badala yake, wanawake waliobakwa na kuumizwa vibaya wakaanza kuletwa, na idadi yao ikaongezeka.

Faili za wagonjwa zikawa ushahidi

Hapa ndipo utafiti unaanza. Kila mgonjwa wa Panzi anafunguliwa faili: umri, mahali anapotoka, alipata jeraha gani, lini, na alitibiwa namna gani. Faili moja ni habari ya mtu mmoja. Faili elfu moja zikisomwa pamoja, bila majina, zinaonyesha mambo ambayo hakuna anayeweza kuyaona peke yake.

Watafiti wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walifanya kazi hiyo pamoja na Panzi. Uchunguzi mmoja ulipitia faili 4.311 za miaka ya 2004 hadi 2008. Ulionyesha, kati ya mengine, kwamba wanawake wengi walikawia miezi mingi kabla ya kufika kwa daktari. Barabara mbaya, woga na haya viliwazuia.

Mwaka 2009 Mukwege na mwenzake Cathy Nangini walitoa makala katika jarida la PLoS Medicine. Walieleza kwamba ubakaji wa kupita kiasi unaofanyika Kivu ya Kusini ni kama ugonjwa mpya: unaharibu mwili, unaharibu roho, na unavunja jamaa na kijiji kizima. Jarida hilo linasomwa bure kwenye intaneti, kwa hiyo hata mwanafunzi wa Bukavu asiye na pesa anaweza kulisoma.

Fistula inatoka wapi?

Fistula ni tundu linalofunguka kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa. Mama anavuja mkojo au choo bila kuweza kujizuia, na mara nyingi watu wanamtenga.

Inje ya Kongo, wengi walidhani fistula zote za mashariki zinatokana na ubakaji. Mwaka 2008 Mukwege na wenzake, wakiwemo madaktari kutoka Norway, walitoa hesabu tofauti. Kati ya wagonjwa 604 wa fistula waliotibiwa Panzi katika miaka miwili, 24 walisema fistula yao ilitokana na ubakaji, yaani asilimia 4. Na kati ya hao, 5 tu ndio walioipata moja kwa moja kutokana na ukatili wenyewe. Wengine kadhaa walibeba mimba ya ubakaji, wakapata fistula kwa uchungu uliokawia.

Hesabu hiyo haipunguzi uzito wa ubakaji hata kidogo. Inaonyesha tu kwamba mama anayekosa upasuaji kwa wakati wakati wa kuzaa yuko hatarini pia. Mwenye kutaka kumaliza fistula anapaswa kuleta amani, na pia maternité, wakunga na barabara.

Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, Mukwege alipata udaktari wa falsafa katika chuo kikuu huru cha Brussels, ULB, kwa teze juu ya fistula za majeraha mashariki mwa Kongo. Mwaka 2018 yeye na wenzake wakatoa "alama za Panzi", njia fupi ya kupima ugumu wa fistula kabla ya upasuaji. Inaangalia ukubwa wa tundu, mahali lilipo karibu na mlango wa mkojo, na kama limezunguka mfereji wote. Jina la mtaa wa Bukavu likaingia hivyo katika vitabu vya upasuaji.

Kutajwa maana yake nini?

Mtafiti akiandika makala, anataja kazi za waliomtangulia. Kila mara makala inapotajwa, inahesabiwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo kinachoitwa h. Mtu mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 10.

Kipimo hicho kinasaidia, lakini kina mipaka. Hakihesabu mgonjwa aliyepona, wala muuguzi aliyejaza faili usiku. Makala za Kiingereza zinatajwa kuliko za Kifaransa, na mtafiti mwenye wenzake Ulaya au Marekani anaonekana haraka kuliko yule anayefanya kazi peke yake huku kwetu.

Kwa daktari au muuguzi kijana wa Kivu, somo ni hili: faili iliyojazwa vizuri, na siri ya mgonjwa ikitunzwa, inaweza kusema ukweli ambao kesho hakuna atakayeweza kuukana.