Karafuu Ndani ya Jibini

Waholanzi wana jibini moja itokayo jimbo la Friesland, upande wa kaskazini wa nchi yao, nao huiita kwa jina ambalo maana yake kwa Kiswahili ni "jibini ya misumari". Misumari hiyo si ya chuma, bali ni karafuu. Kwa kuwa katika lugha yao karafuu ni msumari wa kiungo, kwa ajili ya umbo lake lenye kichwa na mkia. Pamoja na karafuu hutiwa uzile, ule ule tuutiao katika pilau. Mtu wa Unguja aionjapo jibini hii mara ya kwanza hutaka kucheka, maana ulimi humwambia yu nyumbani, na macho humwambia yu ugenini.

Niliionja Amsterdam, katika soko la mtaa wa Albert Cuyp, nilipokaa huko siku nne baada ya mkutano wa walimu wa lugha uliofanyika Leiden. Siku nne hazitoshi kuujua mji wa mifereji na madaraja mengi kama ule, wala sidai kuujua. Lakini zatosha kumtia mtu swali kichwani, nalo ndilo nililoleta katika kurasa hizi: karafuu iliingiaje katika jibini ya wafuga ng'ombe wa nchi ya baridi, na iliingiaje katika mashamba yetu? Wengi wetu huyahesabu hayo kuwa maswali mawili, la kwanza la Waholanzi na la pili letu. Mimi naliona ni swali moja.

Yafaa kwanza nieleze mji wenyewe. Amsterdam umejengwa juu ya tope. Nyumba zake za zamani zasimama juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa chini hata zikafikia mchanga mgumu, na jumba la kifalme lililopo uwanja wa Dam, ambalo asili yake lilikuwa baraza la mji, husemwa kuwa lina nguzo 13,659 chini yake. Watoto wa shule huikumbuka hesabu hiyo kwa hila: huchukua siku za mwaka, wakatanguliza moja na kumalizia tisa. Mwaka 1613 wakuu wa mji walianza kuchimba mifereji mikubwa inayouzunguka mji wa kale kwa nusu duara, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, na kando yake wafanyabiashara wakajenga nyumba nyembamba na ndefu. Katika kilele cha kila nyumba hutokeza boriti yenye kulabu, na nyumba nyingine zimeinama mbele kidogo, kama mzee anayesikiliza. Mgeni hudhani zataka kuanguka. Kumbe ziliinamishwa makusudi, ili mzigo upandishwapo kwa kamba usigonge ukuta. Merikebu kubwa zilitia nanga bandarini, mashua zikauchukua mzigo mferejini mpaka mlangoni, kisha ukapandishwa darini. Mwenyeji wa Mji Mkongwe hapa ataona jambo: kwetu duka na ghala zilikuwa chini, na mwenye mali alilala juu yake, kule mwenye mali alilala chini, na pilipili na karafuu zikalala juu yake.

Mali iliyolala darini ilitoka mbali. Mwaka 1602 wafanyabiashara wa miji ya Uholanzi waliunganishwa katika kampuni moja, iliyojulikana kama Kampuni ya India ya Mashariki, ikapewa na serikali haki ya peke yake ya biashara ya upande wa mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, na pamoja na haki hiyo ruhusa ya kujenga ngome, kuweka askari na kufanya mapatano na wafalme. Ilikuwa duka lenye mizinga. Nyumba yake ya Amsterdam ingalipo, nayo sasa ni mali ya Chuo Kikuu. Nilipoingia uani mwake wanafunzi walikuwa wameketi wakila mikate yao, na baiskeli zimeegemezwa ukutani.

Zama hizo mkarafuu uliota katika visiwa vichache tu vya Maluku, kama Ternate na Tidore na jirani zao. Kampuni ilitwaa Ambon kwa Wareno mwaka 1605. Mwaka 1621 gavana wake, Jan Pieterszoon Coen, alivishambulia visiwa vya Banda, vilivyokuwa na kungumanga, na wenyeji walio wengi wakauawa, wakafa njaa, au wakachukuliwa mateka. Kisha mashamba yao yakagawiwa Waholanzi na kulimwa na watumwa. Kwa karafuu hila ilikuwa nyingine. Mwaka 1652 Kampuni ilipatana na Sultani wa Ternate kwamba atalipwa fedha kila mwaka, na mikarafuu yote katika milki yake ing'olewe, ili karafuu ipatikane Ambon na visiwa vya karibu nayo tu. Baada ya hapo makundi ya mashua za vita yalizunguka bahari ile yakitafuta miti iliyofichwa, na ulipoonekana mti, ulikatwa. Natamani mwanafunzi wa historia asiipite habari hii upesi. Bei ya karafuu katika darini za Amsterdam ilihifadhiwa kwa shoka.

Siku yangu ya tatu mwenyeji wangu, Mholanzi aliyejifunza Kiswahili Unguja katika ujana wake, alinialika chakula cha jioni. Mchana wake alikuwa amenipeleka kwenye kibanda cha samaki kando ya mfereji, nikapewa samaki mdogo aliyetiwa chumvi tu wala hakupitishwa motoni, pamoja na vitunguu vilivyokatwa. Nusu niliila kwa heshima ya mwenyeji, na nusu akaimaliza mwenyeji kwa furaha. Jioni mambo yalikuwa mema zaidi. Alipika mchuzi wao wa nyama ya ng'ombe na vitunguu vingi, wenye siki na karafuu, uliokaa juu ya moto mdogo tangu adhuhuri. Pembeni palikuwa na koliflawa iliyokunwa kungumanga juu yake, na baadaye akaleta biskuti za mdalasini, tangawizi na karafuu, zile wazilazo zaidi mwezi wa Desemba, katika sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Niliona kwamba katika sufuria nzima mlikuwamo karafuu tatu tu, nami nilizihesabu nikizitoa kando ya sahani. Mpishi wa Unguja hutia kwa kiganja. Wao hutia kama kwamba bei ya karne ya 17 ingali mizanini.

Tukazungumza habari za zama zile, ambazo Waholanzi kwa muda mrefu waliziita Karne ya Dhahabu. Alinieleza kwamba mwaka 2019 makumbusho ya mji wa Amsterdam yaliamua kuliacha jina hilo, kwa hoja kwamba dhahabu haikuwa ya wote. Na kwamba mwaka 2021 Meya wa mji aliomba radhi hadharani kwa sehemu ya mji katika biashara ya watumwa. Mbele ya nyumba ya Meya yenyewe, Herengracht 502, lipo jiwe la ukumbusho tangu 2006, kwa kuwa nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya mkurugenzi wa kampuni ndugu, ile ya India ya Magharibi. Nilimsifu kwa hayo, na nilikuwa tayari kusema mengi juu ya Banda na Ternate. Ndipo aliponiuliza, kwa adabu kabisa, "Na kwenu, Mwalimu, ni nani waliozichuma?"

Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa utaratibu.

Kwanza, Kampuni yenyewe ilifika Unguja kabla ya karafuu. Kati ya miaka 1776 na 1778 merikebu zake zilitoka Rasi ya Tumaini Jema zikaja pwani ya Waswahili kununua watumwa, na shajara za safari hizo zimesalia, zikachapishwa na wanachuoni katika karne ya 20. Basi mji wa mifereji haukuwa mgeni kabisa kwetu. Tuliuziana, nao wala si sisi tu hatukuuziana karafuu bali watu.

Wakati uo huo shoka la Ternate lilikuwa limekwisha kushindwa. Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa msimamizi wa kisiwa cha Mauritius, alituma watu wakaiba miche ya mkarafuu na ya mkungumanga katika visiwa vya Maluku, nayo ikafika Mauritius kati ya 1770 na 1772. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na aliyeuleta hutajwa kuwa Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil, ambaye mashamba yake yalikuwa Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said, aliyefika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, aliona faida iliyomo. Mashamba ya Saleh akayatwaa, na husimuliwa kwamba aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Binti yake, Sayyida Salme, katika kitabu chake kilichotoka Berlin mwaka 1886, asema baba yake alikuwa na mashamba 45. Kitabu hicho hicho chautetea utumwa kwa sura nzima. Nakipenda kwa habari zake za nyumbani na za mavazi na za chakula, lakini yatupasa tukumbuke kwamba kiliandikwa na mtu aliyezila karafuu, si aliyezichuma.

Kuchuma karafuu ni kazi isiyongoja. Tumba lisipochumwa kabla halijafunguka huharibika. Na mti mmoja hurudiwa mara kadhaa katika msimu mmoja, kwa kuwa vishada havikomai pamoja. Kisha ni kuchambua vikonyo, na kuanika juani, na kuanua mvua ikitishia. Kazi ya namna hii kwa eneo kubwa yataka mikono mingi, na mikono hiyo haikuajiriwa. Ilitoka bara, Wanyasa, Wayao, Wazaramo na wengineo, ikapitishwa Kilwa na bandari nyingine, ikauzwa sokoni mjini. Wahadimu nao, wenye kisiwa, walisogezwa kutoka ardhi nzuri ya magharibi na katikati, wakabakiwa na ardhi ya mawe ya mashariki na kusini. Kwa hiyo Mji Mkongwe tunaousifu kwa milango yake ya nakshi, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, miaka 10 kabla ya mifereji ya Amsterdam kutiwa, ulipata sehemu kubwa ya mawe na chokaa yake kwa njia ile ile: kiungo kimoja, na watu wasiolipwa.

Hata maji tulikuwa nayo. Vijana wengi hupita Darajani kila siku wasijiulize daraja liko wapi. Palikuwa na mkono wa bahari ulioingia nyuma ya mji, ukiutenga na Ng'ambo, hata wakati wa bamvua mji ulikaribia kuwa kisiwa. Ng'ambo ya maji hayo walikaa maskini, na miongoni mwao watumwa na waliokuwa watumwa. Katika karne ya 20 maji yalifukiwa kidogo kidogo, ikapita barabara. Waholanzi waliihifadhi mifereji yao kwa kuwa matajiri waliishi kandokando yake. Sisi maji yetu yalikuwa mpaka wa wenye nacho na wasio nacho, na sijui mtu aliyeyalilia yalipofukiwa. Yamebaki majina mawili tu, Darajani na Ng'ambo.

Yaliyofuata yajulikana. Tufani ya Aprili 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika mbele. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa, na mahali pake, Mkunazini, likaanza kujengwa kanisa chini ya Edward Steere, ambaye sisi wa lugha twamjua zaidi kwa sarufi yake. Hata hivyo utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897, tena kwa sharti kwamba mtumwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, na masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitwaliwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Na katika karne hiyo hiyo mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia, yenye Maluku ndani yake, ambako watu huzichanganya na tumbaku wakazivuta. Mti uliong'olewa kwao kwa shoka walirudishiwa kwa meli, nao wakaulipia.

Nilimjibu mwenyeji wangu kwa ufupi kuliko hivi, kwa kuwa chakula kilikuwa kikipoa. Aliniuliza kama majina ya wachumaji yameandikwa popote. Kampuni yake imeacha zaidi ya kilomita moja ya vitabu katika hifadhi ya The Hague, na kila ratili ya karafuu imeandikwa humo. Kwetu hesabu ya ratili ipo pia, katika vitabu vya forodha. Lakini katika Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, vimo na vitabu vya wale waliokwenda kuomba hati za uhuru Pemba baada ya 1897: jina la mtumwa, jina la bwana wake, kabila alikotoka. Majina mengi ni yale waliyopewa na mabwana, Mabruki, Feruzi, Almasi, na hayo yataka mwanafunzi wa lugha ayasome pamoja na mwanafunzi wa historia, kwani kabila liliandikwa kwa midomo ya waliouliza, na jina la kwanza, lile la mama, mara nyingi halikuulizwa.