Pesa Isiyokwama Bondeni: Historia ya Muamala, Kutoka Bahasha ya Basi Hadi Tovuti

Kabla ya 2008, pesa ya kumpelekea mzazi Zirai ilisafiri kama abiria. Ilitiwa kwenye bahasha, bahasha ikakabidhiwa kondakta au jirani anayekwenda nyumbani, ikapita Segera pamoja na magunia na kuku, kisha ikabadili mikono huko chini kabla ya kuanza kupanda milima ya Usambara. Ikifika, imefika. Isipofika, hapakuwa na pa kuuliza. Mtumaji hana pesa tena, mpokeaji bado hajaipata, na kwa siku mbili au wiki nzima fedha ile ni ya yule tu aliyeishika.

Hawala ya posta ilijaribu kuiziba nafasi hiyo ya katikati kwa karatasi. Karani alipokea fedha, akampa mtumaji stakabadhi, hati ikaenda kwa mlengwa, na ofisi ya kulipa ikapata taarifa yake yenyewe. Karatasi zisipoafikiana, hakuna kulipwa. Ilikuwa njia ya taratibu mno, na aliyekaa mbali na posta aliweza kumaliza siku nzima njiani kwa ajili ya fedha za sukari na sabuni. Lakini kanuni yake ilikuwa safi: fedha isitoke upande mmoja bila maandishi ya kuonyesha inaingia wapi, na maandishi hayo yasikae mahali pamoja tu. Kila tunapobonyeza kitufe cha “Lipa” kwenye tovuti leo, kanuni hiyo bado inafanya kazi ndani ya mashine. Au haifanyi, na hapo ndipo kilio kinapoanzia.

Wataalamu wa kompyuta walilikuta tatizo hilihili kwa njia yao. Mwaka 1975, Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walieleza fumbo la pande mbili zinazotaka kukubaliana kupitia njia isiyoaminika. Mwaka 1978 Jim Gray wa kampuni ya IBM akalipa sura inayojulikana hadi sasa: majemadari wawili wamepiga kambi kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni, na mjumbe wao lazima apite bondeni humo. Wakishambulia pamoja watashinda. Mmoja akienda peke yake ataangamia. Jemadari wa kwanza anatuma ujumbe, “Alfajiri.” Atajuaje kama umefika? Anahitaji jibu. Na wa pili atajuaje kama jibu lake limefika? Naye anahitaji jibu la jibu. Hesabu inaonyesha kwamba hata wajumbe wawe wangapi, uhakika kamili haupatikani kamwe.

Mtu wa Usambara hahitaji kuchorewa picha hiyo. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vugha na kumpokea mmisionari Krapf mwaka 1848, aliwaweka wanawe kuwa machifu katika sehemu za mbali za milima hii, na habari kati yao zilikwenda kwa miguu, kilima hadi kilima. Leo mjumbe ni mawimbi ya simu, lakini bonde bado lipo. Unabonyeza namba ya siri, skrini inaganda, mtandao unapotea nyuma ya mteremko. Pesa imekwenda au haikwenda? Wewe na seva mko kwenye vilima viwili.

Miongoni mwa kompyuta za kwanza zilizolazimika kulijibu swali la aina hiyo papo kwa papo ni zile za kukata tiketi za ndege, si za benki. Shirika la American Airlines pamoja na IBM walijenga mfumo wa SABRE, ukakamilika katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960. Shida yao anaijua kila aliyewahi kusafiri kwa basi la Lushoto wakati wa sikukuu: kiti kimoja, abiria wawili, kila mmoja ana tiketi halali mkononi. Wakala wa kwanza anatazama, kiti kiko wazi. Wa pili anatazama kabla wa kwanza hajaandika, naye anakiona kiko wazi. Wote wawili wanauza. Hakuna aliyedanganya. Kosa ni kwamba kutazama na kuandika vilikuwa matendo mawili, na mtu mwingine akapenya katikati.

Gray ndiye aliyeyafunga matendo hayo kuwa kitu kimoja. Katika miaka ya 1970 akiwa IBM, na katika andiko lake la 1981 kuhusu dhana ya muamala, alisisitiza kwamba kundi la mabadiliko lazima litokee lote au lisitokee kabisa. Kutoa shilingi kwa Asha na kumwongezea Juma si kazi mbili, ni moja. Mwaka 1983 Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, wakazikusanya sifa za muamala kuwa nne: usigawanyike, usivunje kanuni za hesabu, usiingiliwe na mwingine unaofanyika sambamba, na ukishakamilika ubaki umekamilika hata umeme ukikatika.

Sifa hiyo ya mwisho inavutia hasa kwa nchi inayoujua mgao wa umeme. Kanzidata nzuri, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu, haikimbilii kubadili salio. Kwanza inaandika kwenye daftari la matukio, kwenye diski yenyewe, kwamba inakusudia kubadili nini, kisha ndipo inabadili. Umeme ukikatika katikati na mashine ikawashwa tena, inasoma daftari lake: muamala wenye alama ya kukamilika unatekelezwa upya, usio na alama unafutwa athari zake zote. C. Mohan na wenzake wa IBM waliuchapisha mwaka 1992 utaratibu wa namna hiyo uitwao ARIES, na kanzidata nyingi za leo zinatembea katika nyayo zake.

Gray alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua ya tanga, kwenda kumwaga majivu ya mama yake karibu na visiwa vya Farallon. Hakuonekana tena, ingawa watu wengi waliungana kumtafuta, wengine wakipekua picha za setilaiti. Wiki tano na siku chache baadaye, tarehe 6 Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Hakuna uhusiano wowote kati ya matukio hayo mawili, ila mimi huwa nayafikiria pamoja.

M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Nick Hughes wa Vodafone aliutoa mpango huo, idara ya misaada ya Uingereza ikachangia fedha, na Susie Lonie akaja Nairobi kuusimamia. Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa mawakala wachache na wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, ili walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana fedha, na kulipana wenyewe kwa wenyewe. Waandaaji nao walijifunza kwamba sehemu ngumu haikuwa simu. Ilikuwa kulinganisha vitabu, yaani kuhakikisha hesabu za mfumo wa simu na za taasisi ya mikopo zinasema jambo moja. Toleo lililozinduliwa 2007 likawa jepesi zaidi: tuma pesa nyumbani. Kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani, na zikahamishiwa Kenya mwaka 2015. Maana yake ni kwamba pesa ya nyanya kati ya wauzaji wawili wa soko moja la Nairobi ilikwenda Ulaya kuidhinishwa na kurudi kabla muuzaji hajafunga mfuko.

Nchini Tanzania, Vodacom iliileta M-Pesa mwaka 2008. Tigo Pesa ikafuata 2010, na kampuni nyingine nazo zikawa na huduma zao. Vibanda vya mawakala vikapanda milimani. Hapo ndipo fumbo la majemadari lilipopata jibu la vitendo: daftari kubwa la karatasi la wakala, lenye safu za tarehe, namba ya muamala, namba ya simu, kiasi na sahihi ya mteja. Seva ina daftari lake, wakala ana lake, mteja ana ujumbe kwenye simu. Kumbukumbu hizo zikitofautiana, namba ya muamala ndiyo inayoamua.

Namba ya pekee kwa kila muamala ndiyo kiini cha jambo lote, na naona tunaichukulia kwa urahisi mno. Kwa kuwa hatuwezi kuhakikisha kwamba ujumbe umefika, tunafanya ujumbe uweze kutumwa tena bila madhara. Kila muamala unapewa jina lake la pekee tangu unapotumwa. Seva ikipokea jina ambalo haijaliona, inatekeleza. Ikipokea jina ililokwisha kulitekeleza, hairudii kazi. Inarudisha jibu lilelile la mwanzo. Jemadari anaweza kutuma wajumbe kumi wenye agizo moja, na shambulio likabaki moja. Bonde halijazibwa, lakini halitishi kama zamani.

Mambo yakawa mazito zaidi mitandao ilipoanza kuzungumza. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikaingia 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo. Kwa mtumiaji ilikuwa menyu mpya tu. Kwa wahandisi, muamala mmoja sasa ulikuwa na kanzidata mbili, za kampuni mbili zinazogombania wateja walewale.

Vitabuni kuna dawa ya hali hiyo, ambayo Gray pia aliieleza: mratibu anauliza kila upande kama uko tayari, kila upande unaandika ahadi yake, kisha mratibu anatoa amri moja kwa wote. Ubaya ni kwamba mratibu akianguka baada ya ahadi na kabla ya amri, pande zote zinabaki zimefunga milango zikisubiri. Kampuni gani itakubali hesabu za wateja wake zifungwe kwa sababu mashine ya mshindani imezimika? Kwa hiyo, fedha zikivuka kati ya taasisi na taasisi, kinachofaa ni wazo jingine, lililoandikwa na Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem mwaka 1987: ivunje safari ndefu kuwa hatua fupi, na kila hatua iwe na hatua ya kuitengua. Pesa ya mtumaji inashikiliwa, upande wa pili unaombwa kupokea, ukikubali inakatwa kabisa, ukikataa inarejeshwa. Usipojibu, muamala unawekwa kando hadi vitabu vilinganishwe. Ujumbe unaosema muamala wako unashughulikiwa, unaowakera watu wengi, ni mfumo unaokiri kwamba mjumbe wake bado yuko bondeni. Naupendelea kuliko mfumo unaojifanya unajua.

Tovuti zilichelewa kujifunza haya, na kuna sababu ya kihistoria. Tovuti nyingi za mwanzo zilijengwa juu ya MySQL, kanzidata ya bure na ya haraka, ambayo kwa kawaida yake haikuwa na muamala kwa maana ya Gray. Programu ikizimika katikati, nusu ya kazi ilibaki imeandikwa. Injini ya InnoDB ya Heikki Tuuri kutoka Finland ilileta miamala kamili ndani ya MySQL mwaka 2001, lakini haikuwa chaguo la kuanzia hadi toleo la 5.5 la mwaka 2010. Karibu miaka kumi watengenezaji tovuti wengi walifundishwa kazi kwenye chombo kilichowaruhusu kuacha mambo nusunusu, na mazoea hayaondoki kwa kubadilisha toleo la programu.

Masalia yake tunayaona kila siku: ukurasa wa malipo wenye maandishi mekundu, “Usibonyeze mara mbili.” Hilo si onyo kwa mteja, ni mwenye tovuti anayekiri kwamba hakumaliza kazi yake. Mteja wa mlimani atabonyeza mara mbili, hata tano, kwa sababu mtandao umemwacha. Ni juu ya seva kutambua kwamba ni ombi lilelile.

Na hapa Serikali ya Tanzania, safari hii, ilitangulia kampuni nyingi. Mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulikuja na kumbukumbu namba ya malipo, ile inayoitwa kontroli namba kwenye madirisha ya ofisi. Watu waliiona kama urasimu mpya: kabla ya kulipa lazima kwanza upate namba. Kumbe ndiyo ufundi wenyewe. Deni linapewa jina kabla fedha haijaondoka, kwenye mfumo wa anayedai. Lipia benki, lipia kwa simu, mtandao ukatike katikati, urudi kesho: namba ni ileile, na malipo yatakayoifikia yanajulikana ni ya nini. Ada ya chuo cha serikali ya kijana wa Zirai na kodi ya kampuni ya Dar es Salaam zinapita kwenye kanuni moja.

Limebaki tundu moja ambalo kanzidata peke yake haiwezi kuliziba. Ujumbe mfupi wa simu hauko ndani ya muamala. Programu iliyoandikwa vibaya inaweza kutuma “Imethibitishwa” kisha kanzidata ikaghairi kila kitu, au ikakamilisha kila kitu na ujumbe usiondoke. Watengenezaji makini huuandika ujumbe wenyewe kwenye jedwali ndani ya muamala uleule, halafu kazi nyingine pembeni inausoma na kuutuma, ikirudia hadi uondoke. Matapeli nao wamelijua tundu hilo kwa njia yao: wanatunga ujumbe unaofanana na wa kampuni, wenye namba ya muamala na salio, wakimtumia mtu ambaye hakutumiwa kitu. Mawakala wazoefu hawabishani nao. Wanabonyeza *150*00# ya M-Pesa, wanaangalia salio, na kama halikuongezeka, hawatoi fedha.